Je, watengenezaji wa simu walazimishwe kutaja kila kilichomo ndani?

#1 Mkwezi wa Bagamoyo (mleta mada)

Habari za leo, wanajukwaa.

Mwezi wa tatu nilinunua simu Kariakoo, na baada ya wiki sita nikarudi duka lile lile nikanunua nyingine ya aina hiyo hiyo kwa ajili ya mama mkwe. Boksi halikutofautiana kwa rangi wala maandishi, namba ya modeli ilikuwa moja, na bei ilishuka kwa shilingi elfu kumi tu kwa sababu muuzaji alikwishanizoea. Zote mbili zimeandikwa RAM (memori ya kufanyia kazi) ya GB 8 na hifadhi (memori ya kutunzia picha na programu) ya GB 128. Kinachonishangaza ni kwamba ile ya mama mkwe ni nzito. Ukigusa kamera unahesabu moja, mbili, tatu, ndipo inafunguka, na mjukuu aliyekuwa anacheka amekwisha kununa. Yangu hufunguka papo hapo.

Fundi mmoja aliniambia kwamba huenda kiwanda kilibadilisha aina ya memori ya ndani, yaani hiyo hifadhi, bila kubadilisha boksi. Nimelisoma boksi hilo pande zote sita: limetaja rangi, IMEI mbili (namba za utambulisho wa simu), uwezo wa betri na nchi ilikoundwa, lakini aina ya memori haimo. Sasa najiuliza: mfuko wa saruji huandikwa 32.5 au 42.5 ili mjenzi ajue anachonunua, iweje simu ya laki nne iandikwe ukubwa wa memori bila aina yake? Je, watengenezaji walazimishwe kisheria kutaja vifaa vyote vya ndani, au tunadai mambo ambayo hayatatusaidia?

#2 Chuma cha Reli

Kabla hatujakishtaki kiwanda, tumuulize kwanza mama mkwe yumo katika makundi mangapi ya ukoo, ya kanisa na ya vikoba. Memori ikikaribia kujaa, simu yoyote hulemaa, kwa kuwa kila inapotaka kuandika kitu kipya ni lazima kwanza itafute na kufuta sehemu zilizotumika. Nimewahi kuletewa simu "mbovu" ambayo ilikuwa na video elfu mbili za salamu za asubuhi.

#3 Fundi Likoma

Mleta mada, fundi wako hakubahatisha, ingawa mimi nisingeapa kabla ya kuifungua. Memori za simu zilizoko sokoni ni za aina mbili kubwa, eMMC na UFS. Ile ya kwanza ni kama daraja la gari moja: wanaokwenda wakipita, wanaorudi husubiri, kwa maana kwamba haiwezi kusoma na kuandika kwa wakati mmoja. UFS hufanya yote mawili kwa pamoja. Kwa makadirio, eMMC 5.1 husoma megabaiti 250 hadi 300 kwa sekunde, UFS 2.1 hufika kwenye 700 na 800, na UFS 3.1 hukaribia 2,000. Kwenye boksi zote tatu zinaweza kuandikwa "GB 128" bila mtu yeyote kusema uongo.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Huawei P10 mwaka 2017. Wanunuzi nchini China waliendesha programu za kupima kasi wakakuta simu zenye jina moja na bei moja zikitoa matokeo ya mbali mno, kwa sababu nyingine zilikuwa na UFS 2.1, nyingine UFS 2.0 na nyingine eMMC 5.1. Richard Yu, aliyekuwa akiongoza biashara ya simu ya kampuni hiyo, alieleza kwamba kulikuwa na uhaba wa memori, na baada ya hasira za wateja akaomba radhi kwa namna alivyojibu mwanzoni. Zingatieni kwamba jambo lile liligunduliwa na wanunuzi wenyewe, halikutangazwa na aliyeuza.

#4 Mzito Kiasi

Naomba kupingana na wenzangu. Nimeuza simu Mwanza kwa miaka tisa, na wateja walioniuliza aina ya memori hawafiki idadi ya vidole vya mkono mmoja. Apple kwa miaka mingi haikuandika ukubwa wa RAM wala uwezo wa betri kwa miliampea-saa katika matangazo ya iPhone, na watu waliendelea kupanga foleni. Mnunuzi hununua kazi inayofanywa na simu, hanunui orodha ya vipuri. Anayekula pilau harusini haulizi kama mchele umetoka Kyela au Shinyanga.

Isitoshe, orodha ndefu humpumbaza mteja. Ukimwekea mistari arobaini ya namba atatazama ule wenye namba kubwa kuliko zote, na watengenezaji wanalifahamu hilo vizuri kuliko sisi.

#5 Bi Asali

Mzito Kiasi, anayekula harusini haulizi kwa sababu hakulipa. Anayenunua mchele kwa gunia huuliza, tena hutafuna punje mbili kabla ya kutoa pesa.

#6 Mkaazi wa Hamburg

Nachangia kutoka Ujerumani. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya zinazoingizwa sokoni katika nchi za Umoja wa Ulaya ni lazima ziwe na lebo ya nishati, sawa na ile ya majokofu. Ninayo moja hapa mezani. Juu kuna daraja la matumizi ya umeme kuanzia A hadi G, kisha saa na dakika ambazo betri hudumu kwa chaji moja, daraja la kustahimili kuanguka, daraja la urahisi wa kutengenezwa, idadi ya mizunguko ya chaji kabla betri haijachoka, na uwezo wa kuzuia vumbi na maji. Pembeni kuna msimbo ambao ukiupiga picha unakupeleka kwenye hifadhidata ya umma iitwayo EPREL, na katika karatasi ya maelezo iliyomo humo uwezo wa betri hutajwa kwa miliampea-saa, hata kwa iPhone. Kwa hiyo hoja ya #4 kwamba Apple haitaji betri imepitwa na wakati kwa upande huu wa dunia.

Kanuni nyingine iliyoanza siku hiyo hiyo inadai betri ibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 800, na vipuri muhimu vipatikane kwa miaka saba baada ya modeli kuacha kuuzwa.

#7 Mzito Kiasi

Ahsante kwa sahihisho, na nalikubali kuhusu betri. Hata hivyo, itazame lebo yako tena utuambie kama imetaja eMMC au UFS. Haikutaja. Imetaja matokeo: inadumu saa ngapi, inaanguka mara ngapi, inatengenezeka vipi. Huo ndio msimamo wangu tangu mwanzo, kwamba kinachofaa kuandikwa ni tabia ya simu.

Na hata matokeo yana mabishano yake. Apple ilieleza kwamba iPhone zake zilistahili daraja A kwa vipimo vyake, lakini ikazishusha yenyewe hadi B kwa hoja kwamba maelekezo ya upimaji yanaweza kufasiriwa kwa namna tofauti na maabara nyingine.

#8 Dada wa Kaunta

Mimi nasimama kaunta kila siku, kwa hiyo niseme ninachokiona. Mteja huuliza maswali matatu: ina GB ngapi, inakaa na chaji, kamera yake vipi. Baada ya hapo hugeuza simu kuona idadi ya macho ya kamera. Siku hizi baadhi ya maboksi yanaandikwa "RAM GB 16" kwa herufi kubwa, na chini yake kwa herufi za mchwa "8+8". Nimekwisha kuwaona vijana wakilipa nyongeza ya elfu themanini kwa ajili ya hiyo nane ya pili.

Na jambo jingine, wateja hurudi wakilalamika kwamba walinunua GB 128 wakakuta kwenye mipangilio imeandikwa 119. Nami nadhani hapo kampuni zinatupunja.

#9 Mwanahesabu

Dada wa Kaunta, hilo la mwisho si kupunjwa. Mtengenezaji wa memori huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000, wakati programu nyingi huhesabu kwa vipeo vya mbili, ambapo gigabaiti ni baiti 1,073,741,824. Ukigawanya bilioni 128 kwa hiyo ya pili unapata 119.2. Ni kipimo kimoja chenye pishi mbili. Kinachopungua kweli ni nafasi inayomezwa na mfumo wenyewe pamoja na programu zilizowekwa kiwandani, na hilo halipati nafasi kwenye boksi. Mwaka 2013 Samsung Galaxy S4 ya GB 16 ililalamikiwa sana Uingereza kwa sababu mnunuzi alibakiwa na takriban GB 9 tu.

Kuhusu "8+8", nane ya pili si RAM. Ni kipande cha hifadhi ya kawaida kinachokopeshwa kwa RAM, na kasi yake ni ndogo mno ikilinganishwa na RAM halisi. Sasa rudini kwa #3 muone ubaya unavyozaana: kama hifadhi yenyewe ni eMMC, ile RAM ya kukopa inatembea kwa mwendo wa eMMC. Huwezi kujua thamani ya namba moja bila kuambiwa ile nyingine.

#10 Wakili Mtulivu

Nitazungumzia Kenya, ambako nafanyia kazi. Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mlaji haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa au huduma, na ipo pia Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012. Kwa hiyo msingi upo. Ugumu uko kwenye neno "anazohitaji". Wakili wa mtengenezaji atasimama na kusema kwamba mnunuzi wa kawaida hahitaji kujua jina la kiwanda kilichotengeneza memori, na hakimu asiye na fundi pembeni yake anaweza kumwelewa. Mimi ningeanzia kwenye upotoshaji, ambao ni rahisi zaidi kuuthibitisha: kuuza vitu viwili tofauti kwa jina moja.

#11 Nahodha wa Mafia

Kwani hapa Tanzania TCRA, mamlaka ya mawasiliano, si ilikwisha kulimaliza hili mwaka 2015 ilipozima simu zisizo na ubora?

#12 Fundi Likoma

Nahodha, ilikuwa Juni 2016, na zilizozimwa ni simu bandia, yaani zile ambazo IMEI zake hazikutambulika. Ukibonyeza *#06# unapata IMEI, ukiituma kwenda 15090 unajibiwa jina la mtengenezaji na modeli. Huduma hiyo inakuhakikishia kwamba simu ni ya nani, lakini haikuambii ndani kuna nini, kwa sababu tarakimu nane za mwanzo za IMEI hutambulisha modeli tu. Simu mbili za mleta mada zingejibiwa jibu moja. Wakenya walizima za kwao mapema zaidi, mwaka 2012, kwa shabaha hiyo hiyo.

Kwa hoja ya Wakili, nasi tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inakataza kumpotosha mlaji.

#13 Chuma cha Reli

Tuutazame upande wa kiwanda bila hasira. Anayetengeneza mamilioni ya simu hawezi kutegemea muuzaji mmoja wa vipuri, maana kiwanda hicho kikipata hitilafu duka zima linafungwa. Mwaka 2015 prosesa (ubongo wa simu) ya A9 ya iPhone 6s ilitengenezwa na viwanda viwili, Samsung na TSMC, na watu walipopima walidai moja inamaliza chaji haraka. Apple ilijibu kwamba kwa matumizi ya kawaida tofauti ni asilimia 2 hadi 3. Je, kwa asilimia 3 tuchapishe maboksi mapya? Mimi nasema hapana.

Lakini nisiwe mwoga wa kuijeruhi hoja yangu mwenyewe, kwa sababu yako matukio mawili yanayonisumbua. La kwanza ni Galaxy S20 ya mwaka 2020: Marekani walipata prosesa ya Snapdragon 865, Ulaya na sehemu nyingine nyingi za dunia tukapewa Exynos 990, jina moja juu ya boksi, na kutofautiana kwake kulizidi sana asilimia 3. La pili ni Galaxy Note 7. Betri zake zilitoka kwa wazalishaji wawili. Za mmoja zilipoanza kuwaka, simu zikarudishwa na wateja wakapewa zenye betri za yule mwingine, nazo zikawaka, na Oktoba 2016 simu ikaondolewa sokoni kabisa. Taarifa ya Januari 2017 ilionyesha kwamba kila mzalishaji alikuwa na kosa lake: wa kwanza kona ya betri ilibanwa, wa pili alikosea kwenye uchomeleaji. Mnunuzi hakuwa na njia ya kujua ameshika betri ya nani.

#14 Bi Asali

Kwa hiyo unapinga au unaunga mkono?

#15 Chuma cha Reli

Napinga siku za kazi, naunga mkono Jumapili.

#16 Nahodha wa Mafia

Nimekubali kusahihishwa, Fundi. Niongeze kisa changu, kwani naona mnazungumza kasi tu na kusahau mtandao. Binamu yangu aliniletea simu iliyotumika kutoka Marekani, nzuri, kioo safi, haina hata mkwaruzo. Mjini ilikamata 4G bila shida. Nilipofika kijijini ikashuka hadi 2G, wakati simu ya mke wangu ya bei ya chini, iliyolala pembeni yake juu ya meza ile ile, ilikuwa inacheza video. Nilibadilisha laini, nikaizima, nikapanda juu ya ngalawa iliyopinduliwa nikiinyoosha mkono kama mtu anayeita ndege. Mwishowe mtaalamu mmoja wa minara akanieleza kwamba mnara wetu unarusha 4G kwa masafa ya MHz 800, ambayo huitwa bendi ya 20, na kwamba simu yangu iliundwa kwa soko ambalo halitumii bendi hiyo.

Ingeandikwa kwenye boksi "bendi 2, 4, 5, 12" na nyinginezo, kweli mimi nisingeelewa. Lakini muuzaji au mtaalamu yule angeelewa, nami ningemuuliza kabla binamu hajalipa. Ndugu Mzito Kiasi, taarifa haiandikwi kwa ajili ya anayenunua peke yake.

#17 Mzito Kiasi

Hilo la bendi nakupa mia kwa mia, kwa kuwa bendi haibadiliki baada ya kununua. Kwa mengine bado nina shaka, na sababu ni programu. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba sasisho lake lilipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka ili zisijizime ghafla. Ufaransa iliitoza faini ya euro milioni 25 mwaka 2020, na huko Marekani Apple ikakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi. Mwaka 2022 Geekbench, programu ya kupimia kasi, iliziondoa baadhi ya simu za Galaxy S katika orodha yake baada ya kubainika kwamba zinabana kasi ya programu nyingi lakini haziibani programu ya kupimia. Katika visa vyote viwili vifaa vya ndani vilikuwa vile vile. Hata tungechapa orodha ya vipuri mia moja, isingetuonyesha lolote kati ya hayo.

#18 Mwanahesabu

Hoja nzito, ila inageuka kukudhuru. Ili kuthibitisha kwamba programu imebana kasi, ni lazima kwanza ujue kifaa kina uwezo gani. Asiyejua ujazo wa ndoo hawezi kusema imevuja kiasi gani.

#19 Dada wa Kaunta

Nashukuru kwa somo la 119, kesho nitalifundisha kaunta nzima. Kabla sijasahau, nani atueleze habari ya megapikseli 108? Mteja wangu mmoja alikuza picha ya kitambulisho hadi herufi zikavunjika, akasema nimemuuzia kamera ya bandia.

#20 Fundi Likoma

Kwa kawaida kamera hiyo huunganisha vitone tisa kuwa kimoja na kutoa picha ya megapikseli 12, ili ipate mwanga wa kutosha. Zile 108 hutoka ukichagua hali maalumu, tena uwe juani. Kilichomo ni halali, maelezo ndiyo hayakutimia. Na kati ya hayo macho manne wanayohesabu wateja wako, mara nyingi mawili yana megapikseli 2 tu, yamewekwa kujaza nafasi.

#21 Mkwezi wa Bagamoyo (mleta mada)

Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa safarini. Jumamosi nilifanya kama wale wanunuzi wa P10 waliotajwa #3. Nilizipima simu zote mbili kwa programu moja, zikiwa na chaji kamili na zimezimwa data. Yangu ilisoma megabaiti 690 kwa sekunde, ya mama mkwe 270. Chuma cha Reli naye hakukosea: simu ya mama mkwe ilikuwa imebakiwa na GB 6, na nyimbo za kwaya peke yake zilichukua GB 31. Nilizihamishia kwenye kadi kwa ruhusa yake, nikapima upya, ikapanda hadi 285. Kamera sasa hufunguka kwa kuhesabu mbili badala ya tatu. Nimegundua pia kwamba sasisho la mfumo kwenye simu yake ni la mwezi wa nne, langu ni la mwezi wa pili, na hilo sijui nilipeleke upande gani.

#22 Fundi Likoma

Namba 270 inanukia eMMC. Iletwe kwangu niifungue, chipu ina maandishi juu yake na kwa lenzi ya mkono nitayasoma mbele yako.

#23 Chuma cha Reli

Au sasisho la mwezi wa nne limeibana, kama alivyosema #17. Warudishe mfumo wa zamani kwanza, kisha wapime.

#24 Mkwezi wa Bagamoyo (mleta mada)

Fundi, nilimwomba mama mkwe simu yake ifunguliwe kidogo tu, akaniuliza kama yangu imeharibika. Nikasema haijaharibika. Akasema basi nifunguliwe yangu.